Mbwa wa Nyumbani na Koyote wa Nje ya Uzio

Katika viunga vya miji mingi ya Amerika ya Kaskazini hutokea kwamba mwenye mbwa mdogo humfungulia mlango alfajiri ili ajisaidie uani, naye akarudi jikoni kuchemsha maji. Atokapo tena, mbwa hayupo, wala hakukusikika kelele. Mara nyingi aliyemchukua ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa na bweha, ambaye wanasayansi humwita *Canis latrans*.

Koyote si mnyama mkubwa. Uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 9 na 18, na umbo lake lingemkumbusha Mwafrika Mashariki bweha aliyekua kupita kiasi. Hapo kale makao yake yalikuwa nyika za magharibi. Mbwa-mwitu walipoangamizwa na misitu ikafyekwa, koyote alienea, na sasa huonekana tangu Alaska hadi Panama, hata katikati ya Chicago na Los Angeles. Si kwamba aliachwa hivi hivi: mwaka 2021 pekee idara moja ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliua koyote zaidi ya 60,000. Lakini nafasi ya aliyeuawa hutwaliwa upesi na kijana atafutaye himaya.

Je, mbwa na paka ndio chakula chake? Katika eneo la Chicago vilichunguzwa vinyesi 1,429. Panya na jamaa zao walipatikana katika asilimia 42, matunda 23, kulungu 22, sungura 18, na paka asilimia 1 hivi. (Jumla hupita 100 kwa kuwa kinyesi kimoja huweza kuwa na vyakula kadhaa.) Huko Los Angeles, hata hivyo, mabaki ya paka yalionekana katika kiasi cha asilimia 20 ya vinyesi vya mjini. Koyote hula kilicho karibu.

Kwake yeye mbwa wa kilo 5 ni windo tu. Mbwa mkubwa ni jambo jingine: huyo ni mshindani. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi na kuzaa mwezi wa Aprili au Mei, na dume na jike hulinda himaya pamoja. Ndiyo maana hata mbwa mwenye nguvu hushambuliwa katika miezi hiyo.

Wengi hudhani koyote huruka uzio kama swala. La; hurukia, akashika ukingo wa juu kwa miguu ya mbele, kisha akajivuta. Kwa hiyo uzio uwe na kimo cha meta 1.8 au zaidi, na juu yake uwekwe mwanzi wa chuma au plastiki unaozunguka, ili miguu ikose pa kushika. Tena koyote huchimba. Wavu wa seng'enge huzikwa chini ya uzio na kukunjwa kuelekea nje, mfano wa herufi L, kwa sentimita 30 au zaidi.

Uzio wa namna hiyo ni wa gharama, na hauna faida kubwa ikiwa chakula cha mbwa hulala nje, matunda huozea chini ya miti, na nafaka za ndege huwaita panya. Wabaya zaidi ni wale wamlishao kwa kumhurumia, maana humfundisha kutomwogopa mtu. Mwaka 1981 huko Glendale, California, koyote alimwua mtoto wa miaka 3 nje ya nyumba yao. Kifo kingine cha binadamu kilichothibitishwa kilitokea Kanada mwaka 2009.

Akutanaye na koyote ambebe mbwa wake mdogo, asimame wima, apunge mikono na kupiga kelele. Asikimbie kamwe.

Hatari nyingine haizuiliwi na seng'enge. Mwaka 1988 kichaa cha mbwa cha aina ienezwayo na mbwa kilizuka miongoni mwa koyote wa kusini mwa Texas. Kuanzia 1995 ndege zilidondosha chambo chenye chanjo, na mwaka 2007 aina hiyo ilitangazwa kutoweka Marekani. Popo na rakuni wangali na aina nyingine za virusi hivyo, kwa hiyo mbwa wa uani huchanjwa hadi leo.