Kutoka Kabambare mpaka teze ya sheria: mlango unafunguliwa na swali

Kijana wa kwetu akimaliza lisansi ya sheria, nyumbani ni sikukuu. Baba mdogo anaanza kumwita "Maître" hata kama hajaapa bado kuwa avoka. Miaka miwili mitatu inapita, kijana anasema anataka kuendelea na doktora. Hapo mama anamwuliza kwa upole: "Mutoto wangu, ungali unasoma? Utamaliza siku gani?"

Swali la mama ni la haki. Doktora inakula miaka, inakula franga, na kusini ya Maniema hakuna njia fupi ya kuifikia. Lakini tunaandika ukurasa huu kwa ajili ya huyo kijana, dada ao kaka, aliyeko Kasongo, Kabambare ao Salamabila, mwenye kutaka kujaribu. Wengi tunawaona wanaanza na makaratasi: fotokopi, picha, barua zenye mihuri. Makaratasi yako na kazi yake, lakini hayafungui mlango. Mlango wa doktora ya sheria unafunguliwa na swali. Na maswali, ndugu zetu, tuko nayo mengi hapa nyumbani.

Ngazi ziko namna gani

Katika mfumo wa zamani, mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Baada ya hapo ilimpasa kupata DEA ao DES, ndipo aandikishwe kwa teze. Mfumo mpya, LMD, ulianza kutumiwa kwa jumla katika vyuo vikuu vya Congo mwaka wa masomo 2021-2022. Huo unahesabu lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora, ambayo kwa mpango ni miaka 3. Ndiyo maana watu wanasema "3-5-8".

Hapa kuna mtego. Neno "lisansi" leo liko na maana mbili: ile ya zamani ya miaka 5 kwa jumla, na ile mpya ya miaka 3. Katika barua yako, usiandike "niko na lisansi" tu. Andika mfumo gani, miaka mingapi, na mwaka uliomaliza. Na kama diploma yako ni ya zamani, uliza fakulte kwa maandishi kama wanakupokea moja kwa moja, ao kama unapaswa kupita kwanza kwa masta ao DES. Jibu la mdomo la ofisi moja linaweza kubadilika mtu wa ofisi akibadilika.

Tena, si kila chuo kikuu chenye fakulte ya sheria kiko na ruhusa ya kutoa doktora. Kabla ya kulipa hata franga moja, omba kujua ruhusa hiyo imetoka lini na kwa karatasi gani.

Maswali yaliyo nyumbani

Tuanze na shamba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Leta. Artikli 387 iliweka hata ardhi zinazokaliwa na watu wa vijiji ndani ya ardhi za Leta. Kisha artikli 389 iliahidi kwamba haki za watu hao zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Miaka 40 ilipita, ordonansi hiyo haikutoka. Mtu wa Kabambare alilima shamba la babu yake miaka hiyo yote. Majirani wanalijua, shefu analijua, lakini katika sheria iliyoandikwa mahali pake palibaki patupu. Majuji walipaswa kukata kesi hata hivyo. Walizikata namna gani? Hilo ni swali la teze.

Tufike Salamabila, katika teritware ya Kabambare, kwenye zahabu ya Namoya, ambako kampani ya Banro kutoka Canada ilifungua mgodi mkubwa. Kode ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa malipo ya migodi hivi: 50% kwa Leta ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa entite yenye mgodi, kama vile sekta ao shefri, na 10% kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Juu ya hiyo, kampani inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sawa. Lakini nani anasema kwa jina la wenyeji? Sahihi ya shefu ni sahihi ya kijiji chote, wanawake na wachimbaji wa mikono ndani yake? Hilo pia ni swali la teze.

Na Kasongo, mji ambao Uislamu umekaa ndani yake tangu siku za Tippu Tip, kuna ndoa nyingi zinazofungwa mbele ya shehe bila kuandikwa kwa ofisi ya Leta. Kode ya familia ya 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka ndoa iandikwe. Bwana akifariki, mjane atatoa ushahidi gani kwamba alikuwa bibi yake, ikiwa ndugu za marehemu wanamkana? Mwanasheria wa Kasongo amesikia kesi kama hiyo barazani kabla ya kuikuta katika kitabu.

Kupunguza swali

Maumivu ya nyumbani siyo swali la teze bado. Tufanye mfano. Kijana anaandika: "Haki za ardhi katika Congo." Hiyo ni maktaba nzima, hakuna profesa atakayeikubali. Anapunguza: "Matata ya mashamba katika teritware ya Kabambare." Afadhali, lakini bado ni habari tu, mtu anaweza kuisimulia bila kutafuta kitu. Anapunguza tena: "Wakati ordonansi ya artikli 389 haikuwepo, majuji walikubali ushahidi gani juu ya shamba la kijiji: neno la shefu, desturi, ao karatasi ya Leta?"

Sasa profesa anaona kazi. Anaona hukumu za kusoma katika grefe ya tribinali, wazee wa kuuliza, sheria za kulinganisha. Na anaona pia kwamba mtu mwenye kusikia Kiswahili na Kibangubangu ataingia mahali ambapo mwingine angehitaji mkalimani. Mtu kutoka Kabambare anadhani umbali ni umaskini wake. Katika projeti ya namna hii, umbali huo ni nguvu yake.

Projeti yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Iseme swali, iseme wengine wameandika nini na waliacha nini, iseme utapata wapi hukumu na ushahidi, na kazi itapangwa namna gani mwaka kwa mwaka. Usidanganye juu ya vitabu: profesa anajua kama umesoma kitabu ao umesoma jina lake tu.

Kumtafuta promotere

Bila promotere, yaani profesa anayekubali kukuongoza, dosye haitembei. Usiandike barua moja na kuituma kwa maprofesa ishirini. Soma kwanza kazi za mmoja ao wawili. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa safi: wewe ni nani, swali lako ni lipi, kwa nini yeye. Weka projeti pamoja na orodha ya pointi zako. Asipojibu, ngoja majuma matatu manne, kumbusha mara moja kwa heshima, kisha jaribu mwingine.

Njia na franga

Kutoka Kabambare mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 100. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya 200, na wakati wa mvua mtu hawezi kujua siku ya kufika. Anayeomba nafasi Kisangani, Bukavu, Lubumbashi ao Kinshasa hawezi kusafiri kila mara ofisi ikiomba karatasi moja. Kwa hiyo, safari ya kwanza ikamilishe yote: diploma, pointi za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, kila moja kwa kopi zilizothibitishwa. Zipige picha vizuri, zihifadhi katika imeli yako, si katika telefone peke yake. Malipo yapite banki, na risiti ibaki kwako.

Ng'ambo

Wengine wanatazama Ubelgiji na Ufaransa. Huko pia jambo la kwanza ni profesa anayekubali. Diploma yako itapimwa na chuo chenyewe, na bursi nyingi ziko na tarehe ya mwisho isiyongoja mtu. Kuna njia ya katikati inayoitwa cotutelle: teze moja, vyuo viwili, kimoja Congo na kingine ng'ambo. Kwa mtu ambaye hukumu zake ziko Kasongo, njia hiyo inafaa. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Dar es Salaam wanafundisha sheria tangu 1961, lakini kwa Kiingereza na kwa mapokeo ya sheria ya Waingereza. Anayekwenda huko ajitayarishe kulinganisha sheria mbili.

Neno kwa mama

Mwaka 1960 Congo ilipata uhuru karibu bila wanasheria wake. Marcel Lihau alisoma sheria Louvain, na mwaka 1968 akawa Prezida wa kwanza wa Korti Kuu. Tangu siku hizo sheria nyingi zimeandikwa Kinshasa. Zinapojadiliwa, anayesikilizwa ni yule aliyeandika, mwenye hukumu mkononi na hesabu ya kesi. Shamba la Kabambare, zahabu ya Namoya na mjane wa Kasongo mara nyingi haviko ndani ya karatasi hizo, kwa sababu mtoto wetu anayevijua hakupata nafasi ya kuviandika.

Basi mama akiuliza "utamaliza siku gani?", kijana asimdanganye. Amwambie ni miaka mingi. Kisha amweleze swali lake kwa Kiswahili, pole pole, mpaka mama aelewe na aseme: "Aa, ile mambo ya shamba ya babu yako?" Akifika hapo, aketi usiku huo huo aandike ukurasa wa kwanza wa projeti.