Kichupa cha Damu: Ndani ya Chumba cha Dharura, Kakuma na Lodwar

Mtu akiumwa na nyoka katika Kaunti ya Turkana, Kenya, akafikishwa hospitalini, kuna kipimo kimoja kisichohitaji umeme wala mashine. Muuguzi huvuta damu kidogo mshipani, mililita 2 hivi, akaitia katika kichupa cha glasi kisafi na kikavu, akakisimamisha mezani na kutazama saa. Hakuna anayekigusa. Lazima kiwe cha glasi, kwa kuwa glasi ndiyo inayoichochea damu ianze kuganda. Plastiki haifanyi hivyo. Dakika 20 zikitimia, hukiinamisha mara moja. Damu iliyoganda haisogei. Ikitiririka kama maji, sumu imeshaanza kazi, na mara nyingi ni ya moma mdogo wa nchi kame, yule anayesugua magamba yake hadi yakakwaruza kama msasa. Sumu yake huizuia damu kuganda. Mgonjwa anaweza kuwa ameketi na anaongea vizuri, kumbe fizi zimeanza kuvuja.

Jamaa waliomleta wanaona kitu kimoja tu: ndugu yao anakufa, na wahudumu wanatazama kichupa.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa vyumba vya dharura huanzia. Mtu amebebwa kwa bodaboda kutoka mbali, vumbi mpaka kwenye kope, halafu anaambiwa akae kwenye benchi. Ni vigumu kuamini kwamba kukaa kule ni sehemu ya matibabu, ila mara nyingi ndivyo ilivyo, na anayejua kinachoendelea humsaidia mgonjwa wake kuliko anayepiga kelele.

Katika kitengo cha dharura, ambacho Wakenya wengi bado hukiita kajualti, foleni haifuati nani alitangulia. Wagonjwa huchambuliwa kwanza, na mara nyingi hutengwa kwa rangi. Nyekundu ni wa sasa hivi: anayehema kwa shida, anayetoka damu bila kukoma, mwenye degedege, asiyeitika akiitwa, mjamzito anayevuja damu. Manjano anaweza kungoja kidogo huku akiangaliwa. Kijani atangoja, pengine sana. Mtu aliyefika asubuhi na kidole kilichovunjika atawaona watano wakipitishwa mbele yake, na hajaonewa.

Uchambuzi wenyewe huchukua dakika chache. Muuguzi husikiliza pumzi, hupima mapigo ya moyo, joto na presha, na hubana kidoleni kifaa kidogo cha kuonyesha oksijeni. Kwa mtoto hutazama zaidi. Hubonya ukucha mpaka uwe mweupe, akahesabu sekunde za damu kurudi. Ikichelewa zaidi ya sekunde tatu, mzunguko wa damu umedhoofika. Hufinya ngozi ya tumbo aone kama inarudi mahali pake au inabaki imejikunja, dalili ya kuishiwa maji. Huzungusha utepe kwenye mkono, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimita 11.5 ni eneo jekundu, utapiamlo mkali. Kakuma utepe huo hauna siku ya mapumziko, hasa tangu mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ulipopunguzwa sana mwaka 2025. Mtoto anayelia kwa nguvu walau ana pumzi ya kulilia. Aliyenyamaza, macho yamezama na mkono umelegea begani mwa mamake, ndiye muuguzi atakayemkimbilia kwanza.

Na pesa? Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitia nguvu hapo: kituo chenye uwezo wa kumtibu mtu wa dharura kikashindwa kufanya hivyo kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Katika sheria hiyo, matibabu ya dharura ni pamoja na kuituliza hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipoipisha mpya ya SHA, maswali ya usajili yameongezeka mapokezini, na ni vyema kila mtu ajisajili akiwa mzima. Lakini mgonjwa akiwa anagombania pumzi, jamaa ana haki ya kusema kwa sauti iliyotulia: mhudumieni kwanza, karatasi tutazileta. Maneno hayo yana sheria nyuma yake, na kila mtu anapaswa kuyajua.

Kakuma kuna kazi nyingine kabla ya sindano, nayo ni lugha. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi watu wapatao 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Waturkana wenyeji nao hutibiwa humo humo, ikiwemo katika Hospitali ya Ammusait inayoendeshwa na shirika la International Rescue Committee. Hata Kiswahili kinaweza kupotosha. Mama kutoka Kongo akisema mtoto ameshaonwa na munganga, ana maana ya daktari wa hospitali. Muuguzi wa Kenya anaweza kusikia mganga wa mitishamba, na hapo mazungumzo yote yakaenda njia nyingine. Asiyeelewa aombe mkalimani mapema, wala asimtumie mtoto kutafsiri habari ya damu au ujauzito.

Mambo manne humsaidia daktari, au ofisa wa kliniki ambaye wagonjwa nao humwita daktari: dalili ilianza lini, mgonjwa ametumia dawa gani, kuna dawa inayomdhuru, na ni nini kimeshafanywa nyumbani. La mwisho ndilo linalofichwa. Kama emuron, mganga wa Kiturkana, ameshachanja mguu, au jiwe jeusi limewekwa kwenye kidonda, au kamba imefungwa kukaza, lisemwe bila aibu. Kamba iliyokazwa kwa muda mrefu inaweza kuua mguu ambao sumu ingeuacha. Na nyoka aachwe aende zake. Kumfukuza ili aletwe hospitalini kumezaa majeruhi wa pili.

Turkana inaijua kazi ya kuchambua majeruhi tangu zamani. Kuanzia 1987 hadi 2006, Lopiding, karibu na Lokichoggio, palikuwa na hospitali ya upasuaji wa vita ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyopokea majeruhi waliosafirishwa kwa ndege kutoka Sudan.

Siku hizi safari nyingi huelekea kusini. Kesi inayozidi uwezo wa Kakuma hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Lodwar, kilomita 120 hivi. Ikizidi hapo, Eldoret, zaidi ya kilomita 350 mbele. Jamaa aulize mambo mawili kabla ya ambulensi kuondoka: je, hospitali inayotupokea imepigiwa simu? Na barua ya rufaa, yenye dawa zilizotolewa na saa zake, anayo nani?

Aliyeumwa na nyoka, kama kichupa chake kimemwagika, atatundikiwa dawa ya kuzima sumu. Mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, maana nyoka hakupunguza sumu kwa sababu ya umri. Muuguzi atabaki karibu, adrenalini tayari, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Kisha ni kungoja tena. Baada ya muda wa saa sita hurudi na kichupa kipya, akavuta damu, akatazama saa. Dakika 20. Kikimwagika, dripu nyingine hutundikwa. Damu ikishika, kichupa huinamishwa na donge jekundu likabaki palepale, na jamaa wa benchini huitwa waje walione.