Nusu Marathoni ya Moshi: Lengo Lipimwe kwa Mlima wa Mweka

Nusu marathoni ni mbio za barabarani zenye urefu wa kilomita 21.0975, yaani nusu kamili ya kilomita 42.195 za marathoni. Miongoni mwa mbio za aina hiyo zinazofanyika Tanzania, zile zinazoandaliwa ndani ya Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, huvuta maelfu ya watu, na wengi wao si wanariadha wa kulipwa bali ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wanachama wa vikundi vya jogingi, ambao tangu siku ya kujiandikisha huanza kuulizana watamaliza kwa muda gani. Swali hilo ni la msingi, ila mara nyingi hujibiwa kabla ya wakati wake, kwani mtu hutangaza kwamba atamaliza ndani ya saa 2 kwa kuwa namba hiyo inapendeza kutajwa, ilhali mwili wake haujawahi kuonyesha dalili ya kuimudu kasi inayodaiwa. Lengo lenye maana hutokana na mambo mawili yanayopimika, nayo ni uwezo uliothibitika mazoezini na umbo la njia itakayokimbiwa.

Kumaliza ndani ya saa 2 kunadai wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ili kujua kama kasi hiyo iko ndani ya uwezo wake, mkimbiaji anaweza kutumia kanuni iliyochapishwa mwaka 1977 na mhandisi wa Marekani, Peter Riegel, ambayo hukadiria muda wa mbio ndefu kutokana na muda wa mbio fupi zaidi, kwa kuzingatia kwamba umbali unapoongezeka mara mbili, muda huongezeka kwa zaidi kidogo ya mara mbili kwa sababu kasi hushuka kadiri uchovu unavyozidi. Kwa kanuni hiyo, anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 60, akiwa amejituma kikamilifu, hutarajiwa kumaliza nusu marathoni kwa takriban saa 2 na dakika 12, na anayetaka kumaliza ndani ya saa 2 hana budi kuzimaliza kilomita hizo 10 kwa dakika 54 na ushei. Jaribio la kilomita 10, likifanywa wiki nne au tano kabla ya mbio, lina thamani kubwa kuliko matumaini yoyote.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huchukulia kwamba barabara ni tambarare, na barabara ya Moshi si tambarare hata kidogo. Njia ya nusu marathoni hupanda kutoka mjini kuelekea Mweka, katikati ya mashamba ya migomba na kahawa, na mwinuko wake, unaokaribia mita 300 kutoka sehemu ya chini hadi ya juu, hauna ukali wa kumshtua mtu bali huendelea taratibu kilomita baada ya kilomita, jambo ambalo ndilo hatari yake, kwa sababu mkimbiaji aliyeanza kwa pupa hatambui kuwa amejimaliza mpaka afike juu. Kwa hiyo anayekaza macho kwenye saa ya mkononi, akitaka kila kilomita ya kupanda ilingane na wastani wake wa tambarare, anatumia kipimo kisichofaa mahali hapo. Kinachopaswa kubaki vilevile ni juhudi, yaani kiwango cha kazi ambacho moyo na mapafu hufanya, na kipimo chake chepesi ni maongezi: mtu anayepanda kwa mwendo unaofaa huweza kutamka sentensi fupi bila kukatika, na anayeishia kutoa neno mojamoja amekwisha kupita kiasi.

Mteremko wa kurudi mjini nao haurudishi muda wote uliopotea. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, yaani hukaza huku ikivutwa na kurefuka, na kazi ya namna hiyo huzichana nyuzi ndogondogo za misuli na kuleta maumivu ambayo huzidi siku moja au mbili baadaye. Mwili uliowahi kuzoeshwa mteremko hauumii sana, na ndiyo sababu mazoezi ya kushuka yanastahili nafasi sawa na ya kupanda, ingawa wengi huyapuuza kwa kudhani kwamba kushuka hakuhitaji kujifunza. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea barabara za ufukweni anapaswa kuifuata milima ya Pugu na Kisarawe walau mara moja kwa wiki.

Wiki 12 za mazoezi zinamtosha mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Sehemu kubwa ya mazoezi hayo huwa ya mwendo wa polepole, huku mbio ndefu ya wiki ikiongezwa kidogokidogo hadi kufikia kilomita 16 au 18, kwani kano, ambazo ni nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huimarika kwa kuchelewa kuliko moyo na mapafu, na haraka ya kuongeza umbali ndiyo huzaa majeraha mengi. Kwa hesabu hiyo maandalizi huanza mapema Desemba, na wale wanaorudi Uchagani kwa ajili ya Krismasi wana bahati ya kupata mlima halisi mlangoni mwao, wakiutumia kabla ya mbege na nyama.

Ni busara kuwa na malengo ya ngazi tatu: kumaliza salama, kufikia muda uliokadiriwa na jaribio la kilomita 10 baada ya kuongezewa dakika kadhaa za mlima, na muda bora zaidi iwapo hali ya hewa na mwili vitaruhusu. Hata mabingwa hupanda kwa ngazi. Fabiano Joseph Naasi wa Tanzania alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2003 na 2004, ndipo akatwaa ubingwa mwaka 2005 mjini Edmonton, Canada.

Katika wiki mbili za mwisho umbali hupunguzwa kwa takriban nusu huku kasi ikidumishwa, na siku ya mbio maji hunywewa kwa kufuata kiu, kwani kuyanywa kupita kiasi kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi kuhatarisha maisha. Februari ni mwezi wa joto Moshi, hivyo muda uliopangwa hauna budi kulegezwa jua likiwa kali. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia na amuone daktari kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi, asingoje wiki ya mbio.