Tone la Damu Kando ya Kitanda: Kipimo cha Haraka cha Mimba na Mipaka Yake

Mwanamke anapofikishwa katika idara ya dharura akiwa na maumivu makali ya tumbo, moyo ukienda mbio na shinikizo la damu likishuka, daktari hutaka kujua mapema kama ana mimba. Mara nyingi mgonjwa huyo hawezi kutoa mkojo, kwani mwili uliopungukiwa damu hutengeneza mkojo kidogo. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hudondoshea damu kwenye kipimo kile kile cha mkojo, papo hapo kando ya kitanda.

Mbinu hiyo ina msingi. Homoni ya hCG huonekana katika damu kabla ya kufika kwenye mkojo, nayo damu haizimuliwi na maji aliyokunywa mgonjwa. Hata hivyo, vipimo vingi vimeidhinishwa kwa mkojo, au kwa mkojo na seramu, si kwa damu isiyotenganishwa. Damu hiyo ni nzito, husafiri polepole kwenye kipimo, na wekundu wake huweza kuficha mstari hafifu. Asomaye kwa pupa husoma vibaya.

Lililo zito zaidi ni jibu hasi. Kwa kawaida mstari huhitaji hCG ya takribani yuniti 25 kwa lita. Katika mimba changa yenye afya kiwango huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3. Ile iliyotunga kwenye mrija wa uzazi mara nyingi husuasua, na mrija huweza kupasuka hata kiwango kikiwa cha chini. Mimba zabibu nayo huweza kumwaga homoni nyingi kiasi cha kuzielemea kingamwili za kipimo, mstari usionekane. Ni kioja kwelikweli: sampuli ikizimuliwa maabara, mstari hujitokeza.

Jibu chanya, kwa upande wake, halisemi mimba iko wapi wala kama ingali hai. Mimba ikiharibika, hCG huweza kubaki mwilini wiki kadhaa.

Kwa hiyo mwenye maumivu au kutokwa damu asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mstari mmoja tu. Afanyiwe altrasaundi, kiasi cha hCG kipimwe maabara, na ikibidi kirudiwe baada ya saa 48. Aliye katika mshtuko hangoji hayo: hupelekwa chumba cha upasuaji huku damu ya kuongezewa ikitafutwa.