Ukiona Kimoja Kama Viwili

Ndugu wanakikundi, hapa Maungu malori ya barabara ya Mombasa hupita usiku na mchana. Mtu anayeona lori moja kama mawili yuko hatarini. Je, tufanyeje?

Kwanza, funika jicho moja, kisha lingine. Picha ya pili ikipotea kila mara, basi macho hayaelekei pamoja. Kisukari au presha huweza kudhoofisha neva zake. Ikibaki, huenda jicho lenyewe lina kasoro, kama mtoto wa jicho.

Ukitumia jicho moja ni vigumu kupima umbali. Gusa ukingo wa kikombe kabla ya kumimina chai, shikwa mkono ukivuka, na bodaboda usiendeshe.

Hali hii ikianza ghafla, hasa kichwa kikiuma sana, kope ikilegea au mkono ukikosa nguvu, jamani, tusingoje kesho: twende hospitali ya Voi mara moja.