Umepandikiza nywele na umerudi Tabora: tiba ipi inafaa kuzisaidia ziote?

Watu wakizungumzia kupandikiza nywele, jina la kwanza kutajwa ni Uturuki. Ndege za moja kwa moja zipo kati ya Dar es Salaam na Istanbul, na kazi yenyewe mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Kinachobaki ni karibu mwaka mzima wa kuutunza kichwa, na mwaka huo mtu anaumalizia nyumbani: Tabora mjini, Urambo, Kaliua au Nzega, mbali na daktari aliyemfanyia kazi.

Hapo ndipo hela nyingi hupotea. Wiki ya tatu au ya nne nywele zilizopandwa zinaanza kudondoka, mtu anaingiwa na hofu, na kila anayemuuliza ana dawa yake: sindano, kofia ya mwanga, mafuta, vidonge, mpaka asali. Nyingine zina ushahidi, nyingine zina matangazo tu.

Makala hii inazilinganisha tiba tano zisizo za upasuaji, na kuangalia ipi inawezekana kwa mtu anayeishi huku.

Kwanza: kudondoka si hasara

Nywele moja ina mzunguko wake. Inaota kwa miaka 2 hadi 6, inapumzika kama miezi 3, kisha inadondoka na nyingine inaanza. Ndiyo maana hata mtu mwenye nywele nzuri hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku.

Nywele ikihamishwa kutoka kisogoni kwenda mbele, mzizi wake unashtuka na kuingia mapumzikoni. Kati ya wiki ya 2 na ya 6, unywele wa juu unadondoka, lakini mzizi umebaki chini ya ngozi. Mwezi wa 3 au wa 4 nywele mpya zinaanza kuchomoza, nyembamba mwanzoni. Matokeo kamili huonekana baada ya miezi 12, wengine zaidi kidogo.

Kwa hiyo anayenunua dawa ya bei kubwa wiki ya nne na kuona nywele mwezi wa nne, anaweza kuisifu dawa kwa kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Wauzaji wengi wanaishi hapo hapo.

Kwa nini basi dawa inahitajika?

Kwa sababu kupandikiza hakuzuii upara. Kunahamisha tu nywele kutoka sehemu zilipo imara, yaani kisogoni, kwenda sehemu zilikoisha. Nywele za asili zilizo jirani bado zinaendelea kukonda kama mtu ana upara wa kurithi. Asipozilinda, baada ya miaka michache anaweza kubaki na kisiwa cha nywele zilizopandwa mbele na uwazi nyuma yake.

Tiba inayofaa ni ile inayolinda nywele zilizobaki na kusaidia zilizopandwa, tena unayoweza kuiendeleza kwa miezi mingi bila kukatiza.

1. Minoksidili ya kupaka

Hii ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaanza kuota nywele, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Marekani iliikubali kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake 1991. Kwenye boksi jina huandikwa Minoxidil, yenye nguvu ya asilimia 2 au 5.

Katika jaribio la wanaume 393 lililotangazwa 2002, waliopaka ya asilimia 5 walipata ongezeko la nywele lililozidi kwa asilimia 45 lile la waliopaka ya asilimia 2, baada ya wiki 48.

Kipimo cha kawaida ni mililita 1 asubuhi na 1 jioni, hivyo chupa ya mililita 60 inaisha kwa mwezi. Bei ya chupa moja zidisha mara 12 ndipo ujue gharama ya mwaka. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, kisha hutulia. Ukiacha dawa, faida yake huisha ndani ya miezi michache.

Kasoro zake: ngozi kuwasha na kukauka, na ikichuruzika usoni inaweza kuotesha nywele usoni. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Baada ya kupandikiza, madaktari wengi huruhusu kuianza baada ya wiki moja hadi mbili, vidonda vikishafunga.

2. Vidonge vya finasteridi, kwa wanaume

Finasteridi inapunguza homoni inayokondesha mizizi ya nywele kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Kidonge cha miligramu 1 kilikubaliwa Marekani mwaka 1997.

Hii ndiyo ina jaribio linalojibu swali lenyewe la baada ya kupandikiza. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya wanaume 79: nusu walimeza finasteridi kuanzia wiki 4 kabla ya kupandikizwa hadi wiki 48 baada yake, nusu walimeza kidonge kisicho na dawa. Wataalamu walipokagua picha, waliona nywele zimeongezeka kwa asilimia 94 ya waliomeza dawa, dhidi ya asilimia 67 ya wasiomeza.

Lakini si pipi. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na wengine hupata huzuni. Dawa hii pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu, hivyo mwanaume anayepimwa lazima amwambie daktari kwamba anaimeza, la sivyo saratani inaweza kupita bila kuonekana. Mwanamke mjamzito asimeze wala asishike kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Inahitaji cheti cha daktari.

3. Sindano ya damu yako mwenyewe

Kliniki nyingi huiita PRP. Damu inachotwa mkononi, inazungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yenye chembe nyingi za kugandisha damu inachomwa kwenye ngozi ya kichwa. Kawaida ni mara 3, mwezi kwa mwezi, halafu marudio kila baada ya miezi 6 au zaidi.

Zipo tafiti zinazoonyesha nywele zikiongezeka, na zipo zisizoonyesha tofauti kubwa. Shida ni kwamba kila kliniki inatayarisha kivyake, hivyo ni vigumu kusema unanunua kitu kile kile. Inachukuliwa kama nyongeza, haikai mahali pa dawa mbili za juu.

4. Kofia au kitana cha mwanga wa leza

Mwanga mwekundu hafifu unamulikwa kichwani, kwa kawaida mara 3 kwa wiki kwa dakika kadhaa. Marekani iliruhusu kitana cha kwanza cha aina hii kiuzwe mwaka 2007. Majaribio yanaonyesha faida ya wastani, ingawa mengi yaligharamiwa na watengenezaji wenyewe.

Uzuri wake hauna sindano wala vidonge, na ukishanunua unatumia nyumbani. Ubaya ni bei ya mwanzo, na kikiharibika ni nani atakirekebisha? Nywele ndefu au zilizosukwa pia huzuia mwanga usifike kwenye ngozi.

5. Kirola cha sindano ndogo

Katika utafiti wa India wa 2013, wanaume 100 wenye upara waligawanywa. Waliotumia kirola mara moja kwa wiki pamoja na minoksidili walipata nyongeza ya nywele 91 kwa wastani katika eneo lililohesabiwa. Waliotumia minoksidili peke yake walipata 22, baada ya wiki 12.

Namba nzuri, ila wale hawakuwa wametoka kupandikizwa. Kupitisha sindano juu ya mizizi michanga ni hatari, kwa hiyo isubiri ruhusa ya daktari, kwa kawaida ni miezi kadhaa. Na kirola cha kuazimana saluni au nyumbani ni njia ya kupeana homa ya ini na VVU. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba asikiguse kabisa.

Umbali unabadilisha hesabu

Tabora imezoea kusubiri vitu vya pwani. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Reli ilipofika 1912 safari ikafupika, lakini kilomita hazikupungua: kwa reli ni zaidi ya 800 hadi Dar es Salaam.

Kama kliniki uliyochagua iko Dar, mwaka wa kwanza wa PRP ni safari kama nne. Kwenda na kurudi mara nne ni zaidi ya kilomita 6,000, na bado hujalipa nauli, malazi na siku za kazi ulizokosa. Wengi huanza, wakafanya mara moja, wakaishia njiani. Sindano moja bila marudio ni hela iliyomwagwa.

Minoksidili inaingia kwenye mkoba. Ukienda Dar au Mwanza unaweza kurudi na ya miezi mitatu, na ukaendelea ukiwa Sikonge au Uvinza. Kwa anayeishi kwenye njia hii ya zamani ya misafara, dawa ya kila siku yenye ushahidi inaipiku tiba ya kifahari inayokatizwa.

Nunua famasi iliyosajiliwa, si mtandaoni kwa mtu usiyemjua. Angalia tarehe ya mwisho, na kama boksi linatia shaka, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosimamia dawa nchini.

Siku 10 za mwanzo: mikono mbali

Mizizi iliyopandwa hushika vizuri kwenye siku ya 9 au ya 10. Kabla ya hapo, kukwangua kigaga kimoja kunaweza kung'oa na nywele yake.

Asali ya Tabora ni nzuri, lakini ibaki kwenye chai. Ni kweli ipo asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda hospitalini, ila ya chupa ya sokoni haijasafishwa hivyo, inanata, na kuiondoa ni kusugua. Vile vile mafuta ya nazi, maji ya kitunguu na dawa za majani: si kwenye vidonda vibichi.

Helmeti ya bodaboda nayo inabana na kusugua, na kupanda bila helmeti si jibu. Siku hizo tumia gari au bajaji. Jua la kiangazi nalo ni kali. Vaa kofia pana isiyogusa sehemu iliyopandwa, pale daktari atakaporuhusu.

Ukiona usaha, maumivu yanayozidi au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama tatizo ni kusuka, dawa ni kufumua

Si kila upara ni wa kurithi. Utafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa walikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Ni zile nywele za pembeni mwa paji la uso zinazoondoka kwa rasta nzito, wivingi na mistari iliyobanwa mpaka macho yanavutika.

Mwanamke akipandikiza kisha akarudi kwenye msuko ule ule, nywele mpya zitang'oka kama za kwanza. Minoksidili inaweza kusaidia, lakini haishindani na mvuto wa kila wiki.

Upo pia upara unaoanzia utosini kwa wanawake, ukawasha au kuuma, na kuacha ngozi laini yenye kovu. Huu ni ugonjwa wa uvimbe ndani ya ngozi. Usipotulizwa kwanza, nywele za kupandwa hufa. Kwa wanaume, vipele sugu vya kisogoni vinavyotokana na kunyoa navyo vitibiwe mapema, maana kisogo ndiko mbegu zinakotoka.

Nani wa kumuona

Tanzania ina kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kwa kanda nzima, kilichoanza 1992 hospitali ya KCMC, Moshi. Kinafundisha madaktari bingwa na maofisa tabibu wa ngozi wanaorudi kufanya kazi mikoani. Kwa mkazi wa Tabora, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ulizia mtaalamu wa ngozi, au rufaa ya kumfikia.

Nenda na karatasi zote za kule ulikopandikizwa: tarehe, idadi ya mizizi, dawa ulizopewa. Mwombe akupime kama una upungufu wa damu, hasa mwanamke, kwa sababu hakuna dawa ya kupaka inayojaza pengo hilo. Kama unameza vidonge vya bayotini, mwambie pia. Havijathibitishwa kusaidia mtu asiye na upungufu, na vinaweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingo na vya moyo.

Kisha piga picha ya kichwa mara moja kwa mwezi, mahali pale pale na mwanga ule ule. Kioo cha kila asubuhi kinadanganya. Picha ya mwezi wa 6 ukiiweka kando ya ile ya mwezi wa 1 itakuonyesha kama dawa unayoilipia inafanya kazi au la.