Unene wa Mtoto Si Afya Daima

Mkulima mwenye busara hategemei macho tu anapotaka kujua kama ndama wake anakua vizuri. Humzungushia utepe kifuani, akaandika kipimo katika daftari, na mwezi ujao akapima tena. Tena anajua ya kuwa mtamba aliyenoneshwa mno kabla ya kukomaa hujaza mafuta katika kiwele, na akizaa huweza kutoa maziwa machache kuliko mwenzake. Jambo hili la ng'ombe twalikubali upesi. La watoto wetu twalikubali kwa shida.

Makala haya ni kwa ajili yako wewe mkulima wa skimu mwenye mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi. Neno lenyewe ni hili: mtoto mnene si lazima awe mwenye afya, na wa kuamua si jirani wala nyanya, bali ni mizani na kipimo cha urefu katika zahanati yako.

Habari ya Busia na Malaba

Katika uchunguzi wa afya ya watu wa Kenya uliofanywa mwaka 2022, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Watoto 3 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi urefu wao. Hesabu hiyo ya 3 ni ndogo, na mtu aweza kuuliza kwa nini tujisumbue. Sababu ni kuwa mambo haya mawili huweza kukaa katika boma moja, hata katika mtoto mmoja. Mtoto aliyeshiba wanga na sukari, lakini akakosa maziwa, samaki, mayai na mboga, huweza kuwa mfupi na mnene kwa pamoja.

Tazama maisha ya mpakani. Busia na Malaba ni milango ya biashara. Malori hupita usiku na mchana, na mama wengi huuza vitu kando ya barabara. Mtoto hukaa nyuma ya meza ya duka kwa sababu barabara ni ya hatari. Akilia hupewa biskuti au mandazi. Akilia tena hupewa simu atazame picha. Nako shambani, mara nyingi maziwa yote huuzwa asubuhi, na fedha zake hurudi nyumbani jioni zikiwa zimekuwa sukari, mkate na soda.

Iko pia hofu ambayo watu hawaisemi kwa sauti. Katika miji hii wengi waliona ukimwi ukiwakondesha jamaa zao, na tangu miaka ile mtoto mwembamba hutiliwa shaka. Basi mama humshindilia mtoto chakula ili watu wasiseme. Mama huyo hana kosa. Anampenda mtoto wake. Lakini mtoto aliyenenepa kupita kiasi kabla ya kwenda shule yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubaki mnene akiwa mtu mzima, na unene huo huleta ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu. Magonjwa hayo hula fedha za shamba mwaka hata mwaka.

Macho hudanganya

Chukua watoto wawili, kila mmoja ana kilo 17. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 105. Uzito wake ni mzuri kabisa. Wa pili ana sentimita 90. Huyu amepita kiasi sana, na yafaa daktari amchunguze. Mizani imetoa jibu moja kwa wote wawili, lakini habari zao ni mbalimbali. Kwa hiyo uzito peke yake hautoshi. Lazima urefu upimwe pia.

Mistari ambayo daktari hulinganisha nayo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Basi usikubali mtu akuambie ya kuwa ni vipimo vya Wazungu tu.

Jihadhari pia na jambo hili. Ule utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto hutafuta aliyekonda. Ukionyesha rangi ya kijani, maana yake ni kwamba mtoto hakukonda. Hausemi kama uzito umezidi.

Kijitabu kisilale sandukuni

Wazazi wengi hupeleka mtoto kliniki kwa bidii mpaka apate sindano ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Baada ya hapo kijitabu cha mama na mtoto hufungiwa sandukuni, na mtoto haonekani tena mpaka augue. Hapo ndipo kosa huanza, kwa maana kijitabu hicho kina mistari ya kukua mpaka miaka 5, na unene mwingi huingia katika miaka hiyo ambayo hakuna mtu anayepima.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kuwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 afikaye katika kituo cha afya, hata akiwa ameletwa kwa homa au kikohozi, apimwe uzito na urefu. Basi ukifika, uliza kwa adabu: "Daktari, naomba mtoto apimwe urefu pia, na mstari wake uandikwe." Ni haki yako kuuliza. Majuma ya Malezi Bora, ambayo huwekwa mwezi wa Mei na Novemba, nayo ni nafasi njema.

Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, na hospitali ya Webuye, iliyo kwenye barabara hii hii iendayo Malaba, imekuwa mahali pao pa kujifunzia. Lakini kwa wengi wetu daktari wa familia ni yule afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati anayewajua watoto wetu kwa majina. Chagua kituo kimoja, ushikamane nacho. Na kama huvuka mpaka kutafuta matibabu Tororo, chukua kijitabu hicho hicho, ili daktari wa ng'ambo naye aone mstari ulipotoka.

Daktari atafanya nini

Kwanza atapima. Pili atauliza mtoto hula nini, hunywa nini, hulala saa ngapi na hucheza wapi. Jibu kweli, wala usione haya. Tatu, uzito ukiwa umezidi sana, atamchunguza zaidi au kumpeleka hospitali kubwa.

Usitazamie dawa ya kukondesha, wala usinunue ya sokoni. Tena usimnyime mtoto chakula. Mtoto wa umri huu bado anarefuka. Mara nyingi lengo ni kuuzuia uzito usipande upesi wakati urefu unaendelea kupanda, mpaka viwili hivi vilingane tena. Kazi hii ni ya miezi mingi, si ya juma moja, na ndiyo maana yapasa kurudi kupimwa kila siku uliyopewa.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi.

2. Acha soda na vinywaji vya sukari. Chupa ya mililita 300 huweza kuwa na sukari gramu 30 au zaidi, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Mpe maji safi. Uji wa wimbi hauhitaji sukari nyingi.

3. Bakiza maziwa ya watoto kabla ya kuuza. Neno hili ni lako wewe baba, kwa maana mara nyingi ndiwe ushikaye fedha za maziwa.

4. Ugali wa wimbi, mtama au muhogo uende pamoja na omena, maharagwe au yai, na mboga kama kunde na mrenda. Papai na embe ni bora kuliko biskuti.

5. Usimpikie mtoto mnene chakula chake peke yake, wala usimcheke mbele ya wenzake. Nyumba nzima ibadili chakula, naye atafuata.

6. Akisema ameshiba, amini. Usimlazimishe kumaliza sahani.

7. Acheze na kukimbia jumla ya saa 3 kwa siku, penye ua au uwanja ulio mbali na barabara. Wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13. Wa chini ya miaka 2 asipewe simu kutazama. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Najua jirani atasema mtoto wako amepungua. Mwonyeshe kijitabu. Mstari unaopanda polepole katikati ya njia yake ni ushahidi ulio bora kuliko mashavu yaliyojaa. Basi leo jioni kitoe kijitabu sandukuni, utazame tarehe ya mwisho mtoto alipopimwa. Ikiwa imepita miezi 3, mpeleke zahanati juma hili.